Mwanamke wa Dirishani

Mtu mwenye akili zake hapiti soko la Ataba, Cairo, siku ya Alhamisi akiwa amebeba picha mbichi. Dahiba alilijua hilo, na alipita. Rangi ya mafuta haina haraka. Ukichora leo, wiki ijayo bado inanata kidoleni. Madereva watatu wa teksi walikuwa wameshamkatalia, kila mmoja akilia na viti vyake, na shangazi Fikriya, aliyechorwa kwenye picha hiyo, alikuwa ameapa kwamba halali chumba kimoja na sura yake mwenyewe inamtolea macho. Basi Dahiba akaishika kanvasi kwa nyuma, kubwa karibu sawa na mlango, akaitanguliza mbele na kuingia sokoni huku anapaza sauti.

"Njia jamani, njia! Rangi hii! Anayeipenda nguo yake anipishe!"

Wauza soksi wakampisha. Wauza chaja wakampisha. Hata mama mmoja aliyekuwa amelalia rundo la mashuka alijivuta kando. Asiyepisha alikuwa mtu mmoja tu, kijana mrefu mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikuwa ameipa dunia mgongo, ameinua taa ya studio juu anaikagua, na ili aione vizuri akarudi hatua moja nyuma. Kisha nyingine.

"Wewe! Wewe!" Dahiba alipiga kelele. "Umefanya nini?"

Kijana akageuka. "Nimefanya nini? Mbona mgongo umepata baridi?"

"Umemfuta shangazi yangu shavu!"

Akaitazama ile picha. Mwanamke mnene, mweusi tii, ameketi sakafuni miguu ameinyoosha, kidevu juu, anamtazama anayemtazama. Upande wa kushoto wa uso palikuwa na utelezi mtupu.

"Liko mgongoni kwako, bwana!" muuza soksi alimwambia, na kicheko kikapita kibanda hadi kibanda.

Kijana naye akacheka, akijipapasa mgongo na kuupaka rangi mkono. "Basi bibi huyu kanibusu. Na mimi sijawahi kupata busu la mwanamke mwenye heshima zake."

"Usinitanie. Nimemkalisha siku nne nalitafuta shavu hilo."

"Kosa langu, bibie. Niambie nifanye nini."

Dahiba alimpima juu mpaka chini. Uso wa rangi ya chai, kovu dogo kidevuni, macho ya mtu aliyezoea kuchekewa. Yeye mwenyewe alikuwa na suruali ya jinzi iliyojaa madoa, kilemba cha manjano alichofunga kisogoni, na hereni za fedha za bibi yake zilizofika karibu na mabega. Hakuwa na sababu yoyote ya kumfurahia mtu huyu, na moyo ulikuwa umeshaanza ujinga wake.

"Shika upande wa pili," alisema. "Twende kwangu Abdeen. Ghorofa ya sita, na lifti ilikufa kabla sijazaliwa."

Jina lake Midhat. Alikuwa na studio ya picha mjini kati, aliyoachiwa na marehemu baba yake, na wateja wake walikuwa maharusi. Hayo Dahiba aliyajua walipofika ghorofa ya nne, maana Midhat hakunyamaza hata pumzi ilipomwishia. Chumba cha Dahiba kilikuwa juu kabisa, darini, kinanuka mafuta ya kitani na tapentaini. Ukutani walijipanga wanawake wa ukoo wake, wote Wanubi wa Aswan waliohamia Cairo na waume zao: mama yake, bibi yake, binamu zake, hakuna aliyeinamisha macho.

"Wananiangalia kana kwamba nimewakosea," Midhat alisema.

"Si umetoka kumkosea mmoja sasa hivi?"

"Na wewe? Wewe uko wapi hapa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. "Sijajichora bado," alijibu. "Najiogopa."

Siku hiyo hiyo simu ililia kabla jua halijatua.

"Nauliza hali ya shangazi," sauti ilisema.

"Shangazi hajambo. Shavu linaota."

"Na mchoraji?"

"Mchoraji ana kazi. Unataka nini?"

"Nataka kujua kama anakula samaki."

Alikula samaki. Alikula na koshari, mchanganyiko wa wali, dengu na tambi, akiwa amesimama barabarani, akanywa juisi ya miwa na povu lake, akatembezwa daraja zima la Qasr el-Nil kwa mguu akicheka mpaka mbavu zikamuuma. Midhat alijua kumtania, na alijua kunyamaza Dahiba akichora. Alikuwa anakuja darini mchana, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamtazama tu.

"Acha kunikodolea, nakosea."

"Sikukodolei wewe, roho yangu. Naangalia mwanga ulipokaa. Kazi yangu hiyo."

"Mwanga umekaa wapi?"

"Hapa," na akaligusa paji lake kwa ncha ya kidole. Dahiba aliharibu sikio la binamu yake lote siku hiyo, na hakujali.

Miezi saba baadaye Midhat alikuja Abdeen na mama yake kusoma Fatiha ya uchumba. Hajati Insaf alikuwa mwanamke wa mji wa Tanta, mjane aliyeilea studio ile kwa meno na kucha, na hakuwa mtu mbaya. Alimletea Dahiba kashata za karanga boksi zima. Akamshika kidevu, akamgeuza upande huu na upande ule, akawaambia wote kwa furaha ya kweli:

"Mashallah! Mweusi, lakini mtamu!"

Baba yake Dahiba, mpishi mstaafu, alikuwa ameyasikia maneno hayo kwenye kila nyumba aliyopikia, na alitazama vikombe vya chai.

"Mtamu ni kweli, mama," Dahiba alisema kwa tabasamu. "Hiyo 'lakini' rudi nayo nyumbani."

Shangazi Fikriya aliangua kicheko, Midhat akafuata, na mwisho Hajati Insaf mwenyewe akacheka akijipepea. Fatiha ikasomwa, vigelegele vikapigwa, pete ikavaliwa mkono wa kulia.

Jumanne iliyofuata wakapiga picha ya uchumba. Dahiba alivaa gauni la samawati lililomshika kiunoni na kuachia chini, hereni zile zile za bibi, kichwa wazi, nywele zake zimesimama zenyewe bila kuomba radhi. Akaweka mkono begani kwa Midhat. Hakumwambia neno lolote kuhusu kuichezea ile picha kwenye kompyuta baadaye. Kwa nini amwambie? Mtu aliyekaa juu ya ndoo miezi saba akitazama anavyochorwa mwanamke mweusi, anahitaji kuambiwa nini tena?

Alhamisi asubuhi, brashi ikiwa mkononi, simu.

"Dahiba, umekaa au umesimama?" Shangazi Fikriya alikuwa anahema.

"Nimesimama, shangazi. Nachora."

"Kaa chini. Nimepita studio kwa yule mchumba wako. Mwanangu, umechezewa! Kaweka picha dirishani, kubwa hiyo, mtaa mzima unaiona. Yuko na mwanamke!"

"Si mimi huyo, shangazi? Tulipiga juzi."

"Nisikujue wewe? Nimekukogesha kwa mikono hii! Huyu mweupe kama jibini. Tena kamvalisha gauni kama lako la samawati, mshenzi mkubwa, hata haya hana!"

Dahiba alishuka ghorofa sita bila kukumbuka kuosha mikono. Njiani kote alikuwa anatengeneza matusi, na kila tusi alilitupa akatafuta kubwa zaidi. Alipofika mbele ya kioo cha studio alimwona mwanamke yule na akamchukia papo hapo: ngozi ya maziwa, pua iliyochongwa, shavu lisilo na kitu. Mkono wake uko begani kwa Midhat, umetulia, kana kwamba ni mahali pake.

Kisha akaziona hereni.

Akasogea mpaka pumzi yake ikapiga ukungu kwenye kioo. Hereni za bibi yake. Kucha yake ya gumba, ile iliyopasuka. Ni yeye. Alisimama pale watu wakimpita, akatamani sana kwamba ingekuwa kweli Midhat ana mwanamke mwingine. Mwanamke mwingine, Dahiba angempiga makofi, yakaisha.

Midhat alikuwa mbele ya kompyuta. Alipomwona uso ulimchanua. "Habibti! Umeiona? Umeonaje?"

"Yule ni nani?"

"Nani?"

"Yule uliyesimama naye dirishani."

Akacheka, akidhani ni utani. "Ni malaika mmoja hivi wa Abdeen."

"Midhat, nitazame. Halafu katazame dirishani. Halafu unijibu."

Akaenda akatazama. Akamtazama Dahiba. Akarudi kwenye kompyuta, akafungua picha ya kwanza kama ilivyotoka kwenye kamera, akaiweka kando ya ile ya pili. Dahiba alimwona rangi inavyomtoka. Mtu yule alikuwa hajui. Alikuwa amemfuta kama mtu anavyojikuna.

"Wallahi sikukusudia. Kila bi harusi napitisha mkono hivi, hivi, basi. Miaka kumi na miwili. Mkono umekwenda wenyewe, Dahiba. Sikuwaza hata."

"Hiyo ndiyo mbaya."

"Naitoa sasa hivi!"

"Ungekuwa umeniona mbaya ukanitengeneza, ningekutukana nikaondoka na heshima yangu. Lakini unanipenda, na bado mkono wako haunitaki. Shangazi aliyenikogesha hakunijua, Midhat. Kakutukana akidhani una mwanamke mwingine, kumbe kweli umemtengeneza."

Hajati Insaf alitoka chumba cha nyuma na kikombe cha kahawa. "Kuna nini? Mbona picha imetoka nzuri! Ndugu zetu wote Tanta wameshaiona kwenye simu, wanasema mchumba ni mwezi."

"Basi waozeshe huo mwezi," Dahiba alisema. Akaivua pete, akaiweka juu ya kaunta, akatoka.

Siku nane hakupokea simu. Midhat alipiga asubuhi, akapiga mchana, akatuma jumbe za sauti ambazo Dahiba alizisikiliza zote na hakujibu hata moja. Alilia. Nisiseme uongo, alilia hadi akashindwa kula, na shangazi Fikriya akawa anamletea bamia na kuondoka nazo. Siku ya tisa alipokea.

"Nimeisikia sauti yako, alhamdulillahi," Midhat alisema haraka. "Nisikilize kidogo tu. Picha nimeitoa. Mama ana wazo. Kwa kuwa ndugu wameshaiona ile, anasema tusiwashtue siku ya harusi. Nichape nyingine, nikuache kama ulivyo, ila nipunguze rangi kidogo. Nusu."

"Nusu?"

"Nusu tu, mpenzi, ili amani ipatikane."

"Nusu yangu ipi, Midhat? Ya juu au ya chini?"

"Dahiba..."

"Ile nyeupe, ile uliyoitoa, bado unayo? Usiitupe. Irudishe dirishani. Nakuja Alhamisi."

Alikuja Alhamisi alasiri, saa ambayo studio hujaa kuliko saa zote. Alikuwa amevaa lile gauni la samawati, juu yake aproni ya kazi, na sanduku la rangi begani. Kwenye viti vya kungojea alikaa bi harusi mmoja mwembamba na mama yake, wanachagua picha. Dahiba aliwasalimu wote vizuri, Hajati Insaf akiwa wa kwanza. Kisha akavua viatu, akapanda juu ya jukwaa la dirishani, akasukuma maua ya plastiki kando, akafungua sanduku.

Picha ilikuwa imechapwa kwenye kanvasi, kwa hiyo ilikubali rangi vizuri. Hakutumia tyubu nyeusi. Alichanganya kahawia ya udongo, wekundu uliokolea na bluu nzito, akajitazama kwenye kioo cha duka, na pigo la kwanza akaliweka kwenye paji la uso.

"Anafanya nini huyu?" Hajati Insaf alipiga kelele. "Midhat! Mteremshe!"

Nje, watu walikuwa wameshasimama. Muuza viazi vitamu aliacha toroli lake. Kioo kilijaa nyuso, na simu zikainuliwa.

"Binti, shuka, utatuaibisha," mama yake Midhat alisema, sasa kwa sauti ya kuomba. "Mimi nakupenda. Je, nimekufukuza? Nimekukataza kuolewa na mwanangu?"

"Hapana, mama. Umenipokea vizuri. Ila uliyempokea ni huyu." Dahiba alionyesha kwa brashi shavu jeupe. "Na mimi ninamwondoa, kwa sababu kakaa mahali pangu."

Mama wa yule bi harusi akaona hili litawapotezea siku. "Ustadhi," alimwambia Midhat, "mambo yenu yatawangoja. Huyu binti yangu nimesema awe kama maziwa. Harusi ni Jumapili."

Midhat alikuwa amesimama katikati ya chumba. Kushoto mama yake, kulia mteja, mbele yake mgongo wa Dahiba usiogeuka. Akamtazama yule bi harusi, msichana wa rangi ya ngano iliyokaangwa, mikono ameifungia mapajani.

"Mama," alimwambia mteja, "nitakutolea picha zake usiku huu huu. Kama alivyo. Anayetaka abadilishwe uso, kuanzia leo aende duka jingine."

"Kwa hiyo binti yangu aonekane mweusi mbele ya wakwe?"

"Wakwe hawajamwona?"

Msichana akacheka, akaziba mdomo. Mama yake akamnyanyua kwa kiwiko, akaokota mkoba, akatoka naye akiapa kwamba atawaambia mtaa mzima. Hajati Insaf alikaa kwenye kiti kilichoachwa wazi.

"Umelifunga duka la baba yako," alisema.

"Huenda, mama."

Midhat akaichukua taa ya studio, akapanda jukwaani na soksi zake, akaielekeza ukutani ili mwanga umfikie Dahiba bila kumchoma macho. Hakuomba msamaha tena, na hiyo ilimsaidia kuliko sauti zote alizotuma. Dahiba alichora pua, yake, pana, akachora mfupa wa shavu. Alikuwa hajawahi kujichora, na sasa anajichora mbele ya Cairo nzima.

"Siwaombi wanipende hawa," alisema kwa sauti ndogo. "Nataka ukinionyesha kwa watu, uwe umenionyesha mimi."

"Najua."

"Hukujua."

"Sikujua. Sasa najua."

Dahiba akarudi nyuma kidogo kuipima kazi, na jicho lake likateleza kutoka uso wake hadi uso wa jirani yake pichani. Akakunja uso. Akamtazama Midhat. Akaitazama picha tena.

"Midhat, hebu njoo hapa. Simama kwenye taa." Akamshika kidevu kwa vidole vyenye rangi. "Kovu lako liko wapi pichani?"

"Kovu gani?"

"Hili la kidevuni. Na huyu bwana mweupe wa Tanta ni nani? Wewe una rangi ya chai, huyu ni maziwa matupu. Midhat, na wewe umejifuta!"

Akainama kuitazama sura yake mwenyewe. Kucheka kulianza kisha kukakwama, macho yakajaa maji, akayafuta kwa mkono wa shati.

"Lini hii?" aliuliza. "Wallahi, Dahiba, sijui nilianza lini."

Hasira aliyoibeba Dahiba wiki mbili ikamtoka, ikabaki huruma, na chini ya huruma lile pendo lililokuwa halijaondoka hata siku moja. "Simama vizuri, kipenzi changu," alimwambia. "Usitabasamu. Nakurudisha."

"Na ukishanirudisha, utanikubali?"

"Nyamaza, kidevu kinacheza. Nitakukubali. Kesho Ijumaa njoo kwa baba, uje hivyo ulivyo."

Nje mtu alipiga mbinja, mwingine akapiga vigelegele. Hajati Insaf alikuwa ameinuka na kufika hadi chini ya jukwaa. Aliangalia mwanawe wa pichani akitiwa rangi aliyozaliwa nayo.

"Na watu wa Tanta?" alisema. "Wameshaiona ile nyingine. Niwaambie nini mimi, Dahiba? Watu watasema nini?"

"Waambie waje, mama," Dahiba alijibu, bila kuondoa macho kwenye kazi. "Tupo."